Siku nne kushuka Mto Rogue: mwongozo kamili wa kuvua stilihedi na samoni

Mto Rogue huanzia kwenye milima ya Cascade, kusini mwa jimbo la Oregon, Marekani, na kumwaga maji yake katika Bahari ya Pasifiki pale Gold Beach. Mwongozo huu unahusu kipande chake cha mwitu, maili 34 hivi (kilomita 55) kutoka Grave Creek hadi Foster Bar. Mwaka 1968, Marekani ilipopitisha sheria ya kulinda mito yake ya mwitu, Rogue ulikuwa miongoni mwa mito minane ya kwanza kuorodheshwa. Kwa sababu hiyo korongo hili karibu lote halina barabara. Ukishaondoka Grave Creek, njia yako ya kutoka ni Foster Bar, na mizigo yako yote iko ndani ya boti.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na boti na ratiba, ndoana zinafuata. Safari nyingi za mto huu huharibika kwa sababu moja: wavuvi wanakawia kwenye maji mazuri ya siku ya kwanza, halafu siku ya tatu wanafika kwenye mikondo hatari wamechoka na jua linazama. Anayepanga mto wake vizuri hupata saa nyingi zaidi za kuvua.

Wajue samaki kabla ya kuwatafuta

Stilihedi ni trauti wa upinde wa mvua aliyekwenda baharini akarudi. Kisayansi ni *Oncorhynchus mykiss*, spishi ileile iliyopandikizwa kwenye mito ya Mlima Kenya kama Sagana na Thego. Yule wa Sagana huishi maisha yake yote kwenye maji baridi. Huyu wa Rogue hushuka baharini, hunenepa huko, kisha hurudi kutaga mtoni. Tofauti na samoni wa Pasifiki, ambao hufa baada ya kutaga, baadhi ya stilihedi huishi, hurudi baharini na kuja kutaga tena.

Rogue una jambo ambalo mito michache sana inalo, pamoja na Klamath na Eel za California: stilihedi wadogo waitwao nusu-ratili. Hawa hukaa baharini miezi michache tu, kisha hurudi mtoni mwishoni mwa kiangazi wakiwa na urefu wa inchi 12 hadi 16, na wengi wao hawajapevuka. Wanakula kwa bidii, tofauti na wakubwa ambao mara nyingi wameacha kula, na hivyo ndio watakaokupa kazi kutwa nzima. Wakubwa wa majira ya kiangazi huwa kati ya inchi 16 na 24 hivi. Usitegemee majitu ya British Columbia, Kanada, hapa.

Samoni wawili ndio utakaokutana nao zaidi. Chinuki ndiye mkubwa. Huingia kwa wingi kuanzia Agosti, na kufikia Oktoba ameanza kutaga. Koho huja baadaye. Koho wa mwitu wa kusini mwa Oregon na kaskazini mwa California wamekuwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini tangu 1997, kwa hiyo anayefika mkononi mwako hurudishwa majini mara moja.

Makosa ya kutambua samaki ndiyo yanayomletea mgeni faini, basi jizoeze kuangalia vitu vitatu, kwa mpangilio huu. Cha kwanza ni fizi za taya la chini: za chinuki ni nyeusi, za koho ni nyeupe pale meno yanapoota, na kinywa cha stilihedi ni cheupe. Cha pili ni mkia: chinuki ana madoa juu na chini, koho huwa nayo upande wa juu tu, na stilihedi ana madoa mkia mzima, ambao mwisho wake ni kama umekatwa kwa rula. Cha tatu ni pezi la mafuta, yaani pezi dogo laini lililo mgongoni karibu na mkia. Likiwepo, samaki ni wa mwitu. Kama limekatwa na mahali pake pana kovu lililopona, amelelewa kwenye kituo cha kuzalishia, kwa mto huu aghalabu kile cha Cole Rivers kilicho chini ya bwawa la Lost Creek. Kanuni za nani abaki na nani aachiwe zimejengwa juu ya pezi hilo, nazo hubadilika. Soma kitabu cha kanuni cha mwaka husika cha Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Oregon, ukanda wa kusini-magharibi, na usome tena wiki ya kuondoka, kwani masahihisho ya dharura hutolewa katikati ya msimu.

Wakati wa kwenda

Nusu ya pili ya Septemba hadi katikati ya Oktoba ndiyo chaguo letu. Nusu-ratili wamejaa, stilihedi wakubwa wapo, usiku una baridi ya kustahimilika, na mvua kubwa hazijaanza. Agosti ina joto kali na msongamano wa boti za burudani. Novemba ina samaki, lakini mchana ni mfupi, mto unaweza kupanda kwa futi kadhaa usiku mmoja, na barabara ya mlimani huanza kufungwa na theluji. Stilihedi wa majira ya baridi huingia Januari hadi Machi, ila safari hiyo ni ya wazoefu wenye mavazi mazito.

Angalia vipimo vya maji vya Grants Pass na Agness kwenye intaneti kila siku ya wiki ya mwisho. Mwezi wa Septemba mto mara nyingi huwa kati ya futi za ujazo 1,200 na 2,000 kwa sekunde. Maji yakipungua, mawe huchomoza na njia za kupita huwa nyembamba. Yakipanda ghafla na kuwa rangi ya chai ya maziwa, kuvua kumesimama hadi yaanze kusafika, na kupiga kasia kumekuwa kazi ya wataalamu.

Joto la maji nalo lipimwe. Beba kipimajoto kidogo chenye kamba. Yakivuka nyuzi 20 za Selsiasi, acha kuvua hadi asubuhi: samaki aliyepambana kwenye maji hayo anaweza kuogelea akaondoka mbele ya macho yako, kisha akafa baadaye.

Vibali na leseni

Kuanzia Mei 15 hadi Oktoba 15 kila kundi linahitaji kibali, na wanaoruhusiwa kuingia kwa siku ni watu 120 kwa jumla, wa makampuni na wa binafsi. Nafasi za binafsi hugawiwa kwa bahati nasibu, na maombi hupokelewa kwenye tovuti ya Recreation.gov kuanzia Desemba 1 hadi Januari 31. Zinazobaki au kurudishwa hutolewa baadaye kwa anayewahi, hivyo aliyekosa asikate tamaa. Siku za katikati ya wiki hupatikana kwa urahisi zaidi. Kabla ya kuingia majini, kiongozi wa kundi huthibitisha kibali katika kituo cha wageni cha Smullin, pale Rand karibu na Galice.

Kwa uvuvi, mtu yeyote wa miaka 12 na zaidi anahitaji leseni ya Oregon, na anayetafuta samoni au stilihedi anahitaji pia kadi ya kuandikia samaki. Kadi hiyo inapatikana kwenye programu ya simu ya idara. Ingia kwenye programu ukiwa bado na mtandao, maana korongoni hakuna. Ukiamua kubaki na samaki, mwandike hapohapo, kabla ya kurusha tena. Boti nayo inahitaji kibali cha jimbo cha njia za maji.

Boti na vifaa vyake

Chaguo ni mbili. Boti ngumu ya makasia yenye urefu wa futi 16 hivi, iliyopinda omo (mbele) na tezi (nyuma), ndiyo bora kwa kuvua: imara ukisimama, nyepesi kugeuza, na hukaa mahali ukitaka ikae. Ila ikigonga jiwe vibaya hupasuka au hujaa maji. Boti ya mpira ya futi 14 yenye fremu ya chuma husamehe makosa mengi. Mpiga kasia ambaye hajashuka mto huu achukue ya mpira, na aende na mtu anayeujua. Asiyewahi kabisa kupitisha boti kwenye mikondo ya daraja la III (madaraja huanzia I, rahisi, hadi VI, hatari kuliko yote) akodi kiongozi mwenye leseni. Huu si mto wa kujifunzia.

Kwa watu wanne na mizigo yao chukua boti mbili. Boti moja ikinasa, ya pili ndiyo uokoaji wenu. Kila boti iwe na:

- makasia matatu ya futi 9, moja likiwa la akiba, limefungwa mahali linapofikiwa kwa mkono mmoja;
- nanga ya kilo 12 hadi 15 yenye kamba ya kufunguka haraka;
- kamba mbili za mita 20, moja omoni na moja tezini, na mfuko wa kamba ya kurushia anayezama;
- pampu, viraka na gundi kwa boti ya mpira; utepe mzito na gundi ya epoksi kwa boti ngumu;
- jaketi la kuokolea kwa kila mtu, lililobana. Sheria ya Oregon inataka kila mtu alivae kwenye mikondo ya daraja la III na kuendelea. Hapa usilivue kabisa ukiwa ndani ya boti.

Nanga isishushwe kamwe kwenye maji ya kasi. Ikinasa chini, mkondo huvuta tezi chini na boti hujaa maji kwa sekunde chache. Boti nyingi za uvuvi zimepotea namna hiyo, mahali ambapo hapakuwa na mkondo wa kutisha hata kidogo.

Chombo cha satelaiti cha kutuma ujumbe na kuomba msaada ni cha lazima, kama lilivyo sanduku la huduma ya kwanza. Choo cha kubebeka kinachofungwa na sinia la chuma la kuwashia moto vinatakiwa na wasimamizi wa mto, na majivu yote hutoka na wewe. Mwezi wa Septemba mara nyingi moto wa kuni umepigwa marufuku, kwa hiyo pika kwa gesi na uhesabu mtungi wa ziada.

Chakula, maji na barafu

Beba madeli mawili. La kwanza ni la vinywaji na chakula cha siku hiyo, litakalofunguliwa mara kwa mara. La pili ni la siku ya tatu na ya nne pamoja na samaki, nalo lizibwe kwa utepe hadi litakapohitajika. Barafu ya mabonge hudumu kuliko ya vipande. Kwa watu wanne, kilo 25 hivi hutosha siku nne za Septemba endapo deli limepoozwa usiku mmoja kabla na halikai juani. Madumu ya maji yaliyogandishwa hufanya kazi mbili: barafu kwanza, maji ya kunywa baadaye. Hesabu lita 4 za maji kwa mtu kwa siku, au beba chujio na uchote kwenye vijito vya pembeni badala ya mto wenyewe.

Dubu weusi wa Rogue wamezoea kambi, nao wanajua deli ni nini. Baadhi ya maeneo ya kulala yana uzio wa umeme au vyombo vya kuhifadhia chakula. Yatumie. Pasipokuwa navyo, funga madeli kwa mikanda, yaweke mbali na mahema, na usiache hata dawa ya meno ndani ya hema. Samaki wasafishiwe mbali na kambi, matumbo yasibaki ukingoni. Vichaka vyenye majani matatumatatu usiviguse, kwani utomvu wake huwasha kwa wiki nzima. Kwenye mawe yenye jua tazama unapoweka mkono, kuna nyoka wa njuga.

Kuhamisha gari

Gari linaachwa Grave Creek, nanyi mnatokea Foster Bar. Madereva wa Merlin na Galice hulihamisha kwa malipo kupitia barabara ya Bear Camp, mwendo wa saa mbili hivi mlimani. Weka nafasi mapema, na acha ufunguo wa pili kwenye mfuko usioingia maji ndani ya boti. Theluji ikianza, barabara hiyo haifai, haijalishi ramani ya simu inasema nini. Mwaka 2006 familia moja ilikwama kwenye barabara ya pembeni ya hapo, na baba akafa akitafuta msaada. Njia ya baridi ni kuzunguka kupitia pwani, hata kama inakula nusu siku.

Kusoma maji na kupiga kasia

Kanuni ni moja na inafaa kila mahali: mpiga kasia hutazama kule aendako, huelekeza uso wake kwenye hatari, na huvuta kwenda mbali nayo. Jiwe likiwa mbele kushoto, geuza tezi kulia kwa pembe ya nyuzi 45 na uvute. Kuvuta kuna nguvu kuliko kusukuma, na kunapunguza mwendo wa boti, hivyo unapata muda wa kufikiri. Anza kuvuta mapema. Karibu kila boti iliyonasa kwenye Rogue ilikuwa na mpiga kasia aliyejua pa kwenda ila akaanza kuvuta akiwa amechelewa kwa mapigo matatu.

Ukigonga jiwe na boti ikalala kwa ubavu, watu wote waruke upande wa jiwe. Silika ya mwili ni kukimbia jiwe, na hiyo ndiyo inayozamisha ubavu wa juu ya mkondo na kupindua boti.

Siku ya kwanza: Grave Creek hadi karibu na Black Bar, maili 9 hivi

Ondokeni saa tatu asubuhi. Mikondo miwili ya Grave Creek iko mlangoni kabisa, kwa hiyo mizigo iwe imefungwa tangu ukingoni. Maili mbili hivi mbele ni maporomoko ya Rainie, ya daraja la V. Hapa hampiti njia kuu. Upande wa kulia kuna mfereji mwembamba wa kupandia samaki, na boti huteremshwa humo kwa kamba. Fanyeni hivi:

Shukeni kulia, juu kabisa ya maporomoko, na mtembee hadi mwisho wa mfereji kuutazama. Ingizeni makasia ndani na kuyafunga. Fito zote za kuvulia zitenganishwe vipande na kuwekwa kwenye mirija, maana hapa ndipo nyingi hukatika. Mtu mmoja ashike kamba ya omo na kutangulia, wa pili ashike ya tezi nyuma, wa tatu awe na kasia la akiba kusukuma boti mbali na mawe. Kamba ishikwe kiganjani, isizungushwe mkononi wala kiunoni. Boti ikiondoka, achia. Hakuna anayesimama kati ya boti na jiwe, wala chini ya boti kwenye mteremko. Sogezeni mita chache kwa wakati, na aliye tezini aamue mwendo, kwa sababu yeye ndiye breki. Mawe yana utelezi, na viatu vya raba laini havishiki. Soli zenye vyuma vidogo hushika zaidi, ila zitachubua boti ya mpira. Tengeni saa nzima kwa boti mbili. Msivue kwenye mfereji huo: ni njia ya samaki.

Mikondo ya Tyee na Wildcat inafuata, na baada yake kuna vipande virefu vya maji yenye kasi ya mtu anayetembea, yanayofaa kuvuliwa. Simameni kwenye kambi saa tisa alasiri ili jioni nzima iwe ya kuvua.

Namna ya kuvua stilihedi

Maji ya kutafuta ni yale yenye kasi ya mtu anayetembea, kina cha kiuno hadi kifua, na mawe ya ukubwa wa ndoo hadi meza chini. Sehemu za nyuma ya mikondo, pale maji yanapotulia kabla ya kuingia mkondo unaofuata, huwa na samaki alfajiri. Mchana hupanda kwenye maji yenye povu na hewa zaidi.

Kwa nzi bandia (ndoana ndogo iliyofungiwa manyoya), tumia ufito wa futi 9 na nusu au 10, namba 6 au 7, mshipi unaoelea, na uzi wa mwisho wa futi 9 wenye nguvu ya ratili 8. Nzi wa Rogue ni wadogo, namba 8 na 10. Red Ant, Juicy Bug na Silver Hilton ni majina yatakayokutana nawe kila duka la Grants Pass. Chukua kumi na mbili wa kila aina, kwani mawe hula wengi.

Anza juu ya kipande. Rusha kwa pembe ya nyuzi 45 kwenda chini ya mto. Mara mshipi unapotua, nyanyua tumbo lake na uliweke upande wa juu ya mkondo, ili nzi asivutwe kwa kasi. Kisha fuata kwa ncha ya ufito huku nzi akivuka mto polepole. Mtikisiko mdogo wa ncha, kila sekunde mbili hivi, ni mtindo wa zamani wa mto huu na nusu-ratili huupenda. Nzi akifika mkabala na ukingo wako, mwache aning'inie hadi uhesabu tano, kwa kuwa wengi hula hapo. Piga hatua mbili chini, rusha tena. Kosa la kawaida ni kusimama mahali pamoja ukirusha mara thelathini. Stilihedi anayetaka kula hula mara ya kwanza au ya pili. Utakayepata zaidi ni yule ambaye bado hujamfikia.

Samaki akigonga, usinyakue. Acha avute mshipi hadi uhisi uzito wake, halafu inua ufito kuelekea ukingoni. Ukinyakua mara uguswapo, unamtoa nzi kinywani mwake.

Anayetumia rili ya kawaida achukue ufito wa futi 8 na nusu, mshipi wa ratili 8 au 10, na vijiko vinavyozunguka namba 2 na 3. Virushwe vilevile, vivutwe polepole kiasi cha kuhisi jani la kijiko (kibamba kinachozunguka) likipiga.

Kisha kuna uvuvi wa kutoka kwenye boti, ambao Rogue unaujua sana. Wavuvi wawili omoni huachia samaki bandia wa kutikisika, kila mmoja mita 15 hadi 18 chini ya boti, umbali sawasawa kabisa. Mpiga kasia hupiga kinyume na mkondo ili boti iteremke kwa nusu ya mwendo wa maji. Chambo hutikisika mbele, hushuka taratibu na kumsukuma stilihedi nyuma hadi achoke na kukigonga. Kazi yote hapa ni ya mpiga kasia. Boti ikienda upesi, chambo hufa. Umbali ukitofautiana, samaki hupita pembeni. Jaribu kila chambo ubavuni mwa boti kwanza: kikikimbilia upande mmoja, pinda kidogo kijicho cha kufungia kuelekea upande wa pili.

Chinuki

Chinuki hukaa kwenye madimbwi yenye kina, na hugonga zaidi saa ya kwanza na ya mwisho ya mwanga. Avuliwe kwa ufito mzito, mshipi wa ratili 25 hadi 30, na samaki bandia mkubwa aliyefungiwa kipande cha dagaa tumboni kwa uzi. Badilisha kipande hicho kila nusu saa, kwani harufu huisha. Njia nyingine ni mayai ya samoni yaliyokaushwa kwa boraksi na chumvi, yakidundishwa chini kwa chubwi wa kutosha kugusa changarawe.

Samaki aliyekwisha kuwa mweusi au mwekundu na mkia uliochakaa yuko tayari kutaga. Mwache. Na popote uonapo changarawe safi nyeupe iliyofukuliwa kama sahani pana, hapo kuna mayai. Usikanyage, usiburute nanga, usivue juu yake.

Siku ya pili: Black Bar hadi Winkle Bar, maili 9 hivi

Hii ndiyo siku ya kuvua. Baada ya maporomoko ya Black Bar na mzunguko wa Horseshoe Bend, mto una vipande vingi vyema, na mkondo wa Kelsey ndio pekee utakaokudai umakini mkubwa. Vueni tangu alfajiri hadi saa nne, songeni mbele mchana, muanze tena saa kumi. Jua likiwa juu, tafuteni kingo zenye kivuli cha korongo.

Siku ya tatu: Mule Creek na Blossom Bar

Leo mto kwanza. Fikeni Marial, juu kidogo ya korongo la Mule Creek, kabla ya saa tano asubuhi, mle, mfunge kila kitu upya.

Korongo la Mule Creek hupungua hadi upana wa futi 15 hivi. Makasia ya futi 9 yaliyokunjuliwa pande mbili hayaenei hapo: yakigusa ukuta huvunjika au hukupiga kifuani. Hakikisheni boti iliyotangulia imetoka kabla ya kuingia, kwa sababu ndani hakuna pa kusimama. Boti ikae imenyooka, mapigo yawe mafupi, na kwenye wembamba vuta makasia yalale sambamba na ubavu. Sehemu iitwayo Coffeepot maji huchemka kutoka chini na kuzungusha boti. Usipigane nayo kwa nguvu. Subiri ikuachie, kisha piga mara mbili tatu.

Muda mfupi baadaye ni Blossom Bar, daraja la IV. Zamani haukupitika kabisa. Glen Wooldridge, aliyeshuka mto huu mwaka 1915, ndiye aliyefungua njia kwa kulipua mawe kwa baruti. Shukeni ukingo wa kulia, mpande mawe, mtazame hadi kila mpiga kasia aweze kuieleza njia kwa maneno. Unaingia kushoto, kwa sababu ndiko mlango ulipo. Lakini mkondo unaendelea kukusukuma kushoto, kwenye safu ya mawe iitwayo Picket Fence, ambako boti hunasa na watu wamekufa. Kwa hiyo mara tu baada ya mlango, tezi ielekee kulia, uvute kwa nguvu zako zote hadi nyuma ya jiwe kubwa penye maji tulivu, kisha upite pengo la katikati. Boti ya pili isianze hadi ya kwanza iwe chini na mfuko wa kamba mkononi. Aliyevaa suruali ndefu ya mpira ya kuvulia aivue kabla ya hapa, au angalau akaze mkanda kiunoni.

Hapo chini kuna nyumba ya wageni ya Paradise, na boti za injini kutoka Gold Beach hufika karibu na hapa. Mkisikia mngurumo, sogeeni ukingoni na mwelekeze omo kwenye mawimbi yake.

Siku ya nne na kutunza samaki

Chini ya hapo korongo la Huggins ni maji mazito yasiyo na mwendo, na upepo wa alasiri hupanda kutoka baharini usoni mwenu. Ondokeni mapema, vueni karibu na Clay Hill, mfike Foster Bar kabla ya saa nane.

Samaki wa kuachiwa asitoke majini. Ndoana isiyo na kigingi (kijino kinachoizuia kuchomoka) hutoka kwa kugeuza koleo mara moja. Mshike mkia, uso wake ukielekea mkondo, hadi mwenyewe ajichomoe. Ufukweni usimburute, kwani mchanga hutoa ute unaomkinga.

Wa kuliwa apigwe kichwani mara moja, akatwe matamvua na kuning'inizwa majini dakika 10 damu itoke. Pasua, toa matumbo, kisha kwa ncha ya kijiko kwangua damu nyeusi iliyoganda kando ya uti wa mgongo, kwani hiyo ndiyo huoza kwanza. Kausha kwa kitambaa, tia kwenye mfuko, laza juu ya barafu. Maji ya barafu iliyoyeyuka yamwagwe kila jioni, kwa kuwa nyama inayolala majini hulainika na kupoteza ladha. Pezi la mafuta, au kovu lake, libaki mwilini hadi nyumbani ili mkaguzi aweze kulitambua.

Pale Foster Bar, kabla ya kupakia, kagua boti, nanga na nyayo za viatu, usugue tope lote na kumwaga maji yote. Konokono wadogo wa matope wa New Zealand wameshaingia kwenye mito kadhaa ya Oregon, na husafiri kwenye viatu vya wavuvi. Viatu vikauke kabisa, ndani na nje, kabla havijaingia mto mwingine.